SELinux ilivyoitetea stoo yetu ya mbegu za waru Mau Narok, na kreti moja ya mama iliyoniponyoka

Wakuu, salamu kutoka Nakuru.

Mimi ni yule mtu wa kusoma nyuzi zenu na kupita kimya kimya kama mgeni wa harusi. Leo ni zamu yangu. Nitakayoandika yalinipata mimi mwenyewe, log, yaani kumbukumbu za server, bado ninazo, na pale nilipokosea nitasema nilikosea. Shika kikombe chako cha chai vizuri, ni ndefu kidogo.

Nashughulikia kompyuta za chama cha wakulima wa mbegu za viazi, waru tunavyoviita huku. Ofisi iko Nakuru mjini na mimi naishi Bondeni, lakini stoo yenyewe iko juu Mau Narok, kwenye baridi, ambako mbegu inapenda. Wakulima wakivuna wanachagua mbegu, wanaipanga kwenye kreti, na stoo inaitunza mpaka mvua za kupanda.

Ndani ya stoo kuna chumba kidogo chenye server moja. Kwenye hiyo server kuna daemon. Kwa wasiojua, daemon ni programu inayokaa macho siku nzima ikifanya kazi bila mtu kuigusa. Yetu inaitwa upepo. Inasoma thermometer zilizoko kati ya kreti. Joto likipanda, inawasha feni na kufungua madirisha. Baridi ikizidi, inayafunga. Pia ina page ambayo mwanachama anafungua kwa simu yake aone mbegu yake inalala vipi.

Jamaa aliyeiandika alikuwa na haraka. Aliipa upepo nguvu za root, ile akaunti yenye funguo zote za server, akaiacha wazi kwa internet, akapata kazi kwingine. Mimi nikarithi.

Sasa mjue kilichokuwa kinanisumbua.

Mama yangu analima Kuresoi. Miaka yote mbegu yake ameiweka kwenye kibanda nyuma ya jikoni, ameitandaza kwenye rafu za mbao, anaipindua kwa mkono wake. Nilimsumbua msimu mzima aje kwa stoo yetu. Mwishowe alileta nusu.

"Hii ni kwa sababu wewe ndiye umesema," aliniambia akishusha kreti. "Si kwa sababu ya kompyuta."

Nusu nyingine ilibaki kwa kibanda. Mama si mtu wa kubishana, yeye anagawa tu.

Basi siku moja habari zikaja kwamba chama fulani, sitakitaja, server yao imeingiliwa. Wezi walipitia page ya wanachama, wakafunga kila kitu, feni zikanyamaza. Watu walipogundua, viazi vilikuwa vimeanza kunuka. Mbegu ya msimu mzima.

Mwenyekiti wetu, Mzee Barnaba, aliipata hiyo habari kabla yangu. Akanipigia.

"Daktari wa kompyuta, yetu imefungwa vizuri?"

"Imefungwa, mzee."

Nilidanganya, wakuu. Haikuwa imefungwa. Na mimi ndiye nilikuwa nimeacha mlango wazi.

Niungame hapa kwa sababu najua siko peke yangu. Linux yetu ilikuja na SELinux ndani yake. Hiyo ni sehemu ya mfumo inayoipa kila programu mipaka yake na kuisimamia isivuke. Tatizo ni kwamba kitu kikikataa kufanya kazi, jambo la kwanza ambalo wengi wetu hufanya ni kuizima. Command moja na kazi inaendelea. Nimefanya hivyo miaka. Nilifundishwa hivyo, na nikawafundisha wengine hivyo kwa kujiamini kabisa. Server ya stoo niliizimia SELinux siku yangu ya kwanza kazini.

Kesho yake nikapanda Mau Narok na laptop na aibu yangu.

Hapo stoo anayetawala ni Mama Wanjiru. Ni mtunza stoo, mwanamke mfupi mwenye sweta mbili, moja juu ya nyingine, na hana mzaha na mlango wa mbegu. Mlangoni kuna beseni la dawa. Unatumbukiza viatu, halafu unavivua kabisa, unavaa gumboots nyeupe za stoo. Sababu ni ugonjwa wa mnyauko, ambao husafiri kwa udongo. Tope kidogo tu kwenye soli yako linaweza kuharibu mbegu ya watu ambao hata huwajui.

Nilipofika nilimkuta Mzee Barnaba mlangoni na wageni, viatu vinang'aa, ana haraka.

"Mama Wanjiru, hawa ni wageni wangu. Tunaingia dakika mbili tu."

"Karibuni mzee. Viatu."

"Lakini mimi ni mwenyekiti."

"Hiyo najua mzee. Viatu."

Mwenyekiti alivua. Soksi moja ilikuwa na tundu kwa kidole, na wageni wakaangalia dari kwa heshima.

Nilisimama pale na laptop kwapani na kitu kikanifungukia kichwani. Ruhusa za kawaida za Linux zinauliza wewe ni nani. Ukisema root, unapita. SELinux inauliza kazi yako humu ndani ni gani. Hata uwe root, kama kazi yako ni kusoma thermometer, basi utasoma thermometer, na mlango mwingine hautafunguka. Na wewe mwenyewe huna uwezo wa kujiondolea hiyo sheria, kama vile mwenyekiti hakuweza kujiondolea beseni.

Miaka yote nilikuwa naondoa beseni mlangoni mwa watu.

(Kuna wa AppArmor, mfumo mwingine wa kazi hiyo hiyo, humu, nawajua, tayari mmeanza kuandika. Wazo ni lile lile, tulieni.)

Nikaanza kazi. Kwanza nikawasha SELinux upya na kuiacha iweke alama kwenye kila file, maana inafanya kazi kwa kuangalia alama. Kisha nikaiandikia upepo sheria zake. Sikuzikaza mara moja. Nikaiweka kwa hali inayoitwa permissive. Hiyo ni kama umemwambia askari wa geti asizuie mtu, aandike tu kwenye counter book nani alipita na alibeba nini. Unaisoma log, unaona daemon yako inahitaji nini kwa kweli, unaruhusu hicho tu.

Nikaiacha wiki mbili. Kila siku naketi ofisini Nakuru nasoma. Upepo ilisoma thermometer, nikaruhusu. Iliwasha feni, nikaruhusu. Ilifungua page yake, nikaruhusu. Wiki ya pili hakukuwa na kitu kipya hata kimoja. Safi kama sahani ya mgeni.

Siku ya Ijumaa nikaiweka enforcing. Hapo sasa askari hashiki kalamu tu, anashika na rungu. Upepo ikaendelea kufanya kazi bila shida. Nikapiga picha ya screen nikaweka status. Niliandika maneno ya kujisifu ambayo leo sitayarudia hapa.

Jumanne saa kumi na mbili asubuhi simu ikalia. Mama Wanjiru.

"Msichana wangu, hii kitu yako imekataa kufunga madirisha. Huku nje nyasi ni nyeupe."

Frost. Ile baridi ya alfajiri inayolamba majani ya waru yakawa meusi kama yamemwagiwa maji moto. Niliomba lift kwa canter ya mtu wa mboga nikapanda Mau nikiwa na viatu visivyofanana.

Nilimkuta Mama Wanjiru ameshafunga madirisha kwa mkono, ameziba nyufa kwa magunia, amesogeza kreti zote za karibu na ukuta. Alikuwa anachukua kiazi kimoja kimoja kutoka kila kreti, anakipasua kwa kisu akiangalia ndani. Kreti moja tu ndiyo ilikuwa imeungua, ile iliyokaa chini kabisa ya dirisha la mwisho. Viazi vilikuwa na pete nyeusi ndani.

Nikasoma jina lililoandikwa kwa marker kwenye ubao wa kreti. Lilikuwa la mama yangu.

Niliketi juu ya gunia nikalia kidogo. Mama Wanjiru aliniacha nimalize, halafu akauliza swali ambalo lilipaswa kuwa langu.

"Hizo wiki mbili ulikuwa unaichunguza, si ni zile za mawingu?"

Wakuu, mtu yeyote wa Mau anajua hili. Mawingu yakifunika, frost haiji. Inakuja anga likiwa wazi, nyota zinaonekana zote. Mimi nimezaliwa Kuresoi. Nilikua nikiona mama anatoka nje jioni, anaangalia juu, anarudi kufunika mbegu. Halafu nikaenda kuisoma log siku kumi na nne za mawingu nikasema nimeijua daemon. Ni sawa na kumwandika mtu kazi kwa sababu ulimwona akila.

Katika wiki hizo upepo haikuwahi kufunga dirisha hata moja kwa sababu ya baridi. Kwa hivyo hiyo kazi haikuwa kwenye sheria zangu.

Nikafungua log na tatizo likajitokeza hapo hapo. Yule jamaa mwenye haraka hakuandika kufunga madirisha ndani ya upepo yenyewe. Baridi ikija, upepo ilikuwa inaita shell, yaani ule mlango wa kuandikia server amri yoyote unayotaka, na shell ndiyo inaendesha kijiscript cha kufunga. SELinux iliona daemon ya thermometer inataka shell, ikakataa. Ilifanya kazi yake sawasawa. Mimi ndiye sikufanya yangu.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo wengi tunaanguka.

Kuna tool inayosoma log na kukuandikia ruhusa ya kila kilichokataliwa. Unabonyeza, matatizo yanaisha. Ni kama karani anayempa pass kila aliyerudishwa getini bila kuuliza alirudishwa kwa nini. Ilikuwa imeshaniandikia mstari tayari: ruhusu upepo itumie shell.

Mzee Barnaba alikuwa amefika, na hasira yake ilikuwa halali.

"Iruhusu tu, daktari. Watu wanataka mbegu, hawataki sheria."

Nilimwambia, "Mzee, hiyo shell ndiyo wezi kama wale wa kule huitafuta. Nikiifungulia upepo, nimewafungulia na wao. Nipe siku tatu niandike upya hiyo sehemu ya kufunga madirisha."

"Na baridi ya siku tatu?"

Mama Wanjiru, bila kuinua macho kutoka kwa kiazi alichokuwa anapasua, akasema, "Nitafunga kwa mkono. Kabla hii kompyuta ije, nani alikuwa anafunga?"

Mzee akatuangalia sote wawili, akaangalia gumboots nyeupe miguuni mwake, akasema siku tatu.

Kabla ya kuanza nilimpigia mama. Ningeweza kunyamaza. Kreti moja ingepotea tu katikati ya nyingine na Mama Wanjiru asingesema. Lakini ile mbegu ilikuja kwa neno langu.

Nilimweleza yote, hata mawingu.

"Ni kreti moja?"

"Moja, mama."

"Zingine?"

"Ziko sawa. Tumepasua kiazi kutoka kila moja tukaangalia."

"Haya. Tengeneza hiyo kitu." Akakata.

Hakunigombeza. Wenye mama wa namna hii mnajua hiyo ni mbaya kuliko kugombezwa.

Siku tatu niliandika code nikiwa stoo, blanketi mabegani. Nikaiondoa shell kabisa. Upepo sasa inaongea na motor za madirisha moja kwa moja, na sheria yake inasema hivyo tu: motor hizi, basi. Shell, hapana. File za password, hapana. Ratiba za server, zile amri zinazojiendesha zenyewe kwa saa, hapana.

Halafu kupima. Safari hii sikutaka kungoja anga. Nilihitaji baridi siku hiyo hiyo, saa nane mchana, jua linawaka. Nikaenda kwa butchery ya center nikaomba barafu kwa freezer yao.

Mama Wanjiru alicheka mpaka akashika ukuta. "Mau Narok? Unatafuta barafu Mau Narok?"

Nikatumbukiza thermometer ya kwanza kwenye ndoo ya barafu. Tukasimama tukiangalia madirisha. Namba zikashuka kwa screen. Nane. Tano. Tatu.

Mbili.

Motor ikanguruma, na madirisha yote yakajifunga kwa mpigo, pa. Nilimrukia Mama Wanjiru nikamkumbatia na sweta zake mbili. Tukarudia na kila thermometer mpaka barafu ikawa maji. Kila mara, pa.

Huo ungekuwa mwisho mzuri, lakini utamu wenyewe ulikuwa bado.

Wiki kadhaa baadaye, siku ya Jumatatu, naingia ofisini, nafungua log na chai mkononi. Nikaiweka chai chini.

Jumapili mchana, sisi tukiwa kanisani, kuna mtu alikuwa amekuja. Alipata tundu kwenye page ya wanachama, tundu la kweli ambalo sikuwa nalijua, akaingia ndani ya upepo. Na kumbukeni, upepo bado ilikuwa na nguvu za root. Siku za zamani hapo tungekuwa tumekwisha.

Akaita shell. Denied.

Akaomba file ya password. Denied.

Akajaribu kuandika kwenye ratiba ya server ili arudi baadaye. Denied.

Akajaribu tena shell, kwa njia nyingine, kisha nyingine. Denied, denied. Unaona kabisa mtu anavyoanza kukasirika. Kisha akaenda zake. Na katikati ya hiyo mistari yote, log ya upepo yenyewe inaendelea kama hakuna kitu: nimesoma thermometer, nimewasha feni, nimezima feni.

Mwizi alivaa kofia ya root na bado akaambiwa avue viatu.

Nilipiga kelele moja ofisini, jirani wa photocopy akaja mbio akidhani ni nyoka. Nikaziba lile tundu la page kwanza, ndipo nikaprint ile log. Nikampelekea Mzee Barnaba huko juu stoo, nikamsomea mstari kwa mstari, nikamwonyesha palipoandikwa shell.

"Hii ndiyo niliyokuambia uruhusu," akasema.

"Ndiyo hiyo, mzee."

Halafu akaomba marker, akaandika juu yake kwa herufi kubwa WALIOKATALIWA, akaibandika ukutani, juu ya beseni la dawa. Hadi leo iko hapo. Wakulima wanadhani ni orodha ya watu waliojaribu kuingia na tope.

Mvua za kupanda zikaja. Mama akafika kuchukua mbegu yake.

Alitoka shambani moja kwa moja, gumboots zimejaa tope la Kuresoi, na akaenda mlangoni kama mtu anayeingia kwake. Mama Wanjiru akasimama mbele yake.

"Viatu, mama."

Mama akanigeukia. "Chebet, mwambie mimi ni mama yako."

Wakuu, huyu ndiye mtu aliyenilipia karo kwa waru. Nimeogopa macho yake tangu nijue kutembea. Na nilikuwa na kreti yake moja moyoni.

"Anajua, mama," nikamwambia. "Vua tu. Hata mimi huvua."

Mama akainama, akavua, akavaa zile nyeupe ambazo zilimzidi kidogo, akaingia.

Akapita kwa kreti zake moja baada ya nyingine. Akatoa kiazi, akakigeuza, akakikwaruza kwa ukucha. Machipukizi yalikuwa mafupi na manene, vile mkulima anavyoyaota. Akatoa kingine. Akapitisha mkono kwenye kreti ya mwisho, iliyokaa chini ya lile dirisha, palipokuwa na ile iliyoungua. Hii nayo ilikuwa nzima.

Akatoka, akavaa gumboots zake za tope, akakung'uta mikono.

"Ile ingine iliyo kwa kibanda," akasema, "msimu ujao naleta yote."

"Kwa sababu ya kompyuta?" nikamchokoza.

"Kwa sababu mmenikataza kuingia na tope langu."

Basi, ndugu zangu, hilo ndilo nililojifunza. SELinux yako ikikataa kitu, usikimbilie kuizima. Uliza kwanza kwa nini imekataa, maana mara nyingi ndiyo inayokuambia ukweli kuhusu programu yako. Na ukiichunguza daemon, ichunguze siku yake mbaya pia, hata kama itabidi ukanunue barafu Mau Narok.

Sasa semeni ukweli: nani humu bado anaizima siku ya kwanza? Mimi nimeshavua viatu mbele yenu. Vueni na nyinyi, tuongee hapa chini.